Elfu Hamsini ya Kutema

Shemeji yangu ameanza kupata hela, na shemeji akipata hela ukoo mzima unateseka. Zamani tukitaka kuonana tulikwenda Kwa Mrombo, nyama, ndizi, mambo yamekwisha. Siku hizi tunaitwa "kuonja mvinyo". Hoteli moja hapa Arusha, bustani safi, Mlima Meru ule pale, kiingilio elfu hamsini kwa kichwa. Ya kuonja, jamani! Sokoni Kilombero ukionja embe unasema halijaiva, unaondoka zako, hakuna anayekudai.

Glasi wanazoweka mezani ngumi yangu inaingia yote, lakini mvinyo unaomiminwa hauzidi vijiko viwili. Nilidhani kijana anasuuza glasi kwanza. Kumbe ndiyo hiyo hiyo.

Halafu humezi! Kuna ndoo. Unasukutua, unatema. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, nimeona watu wazima wakinuniana hadi msibani kwa sababu ya kata moja ya mbege, leo nakaa na watu wenye funguo za magari wanatema kinywaji walicholipia. Eti ukimeza, ukifika glasi ya kumi ulimi hautofautishi tena. Sasa mtu aliyefika glasi ya kumi anataka kutofautisha nini, na kwa faida ya nani?

Mtaalamu akasema, "Nuseni, mnapata nini?" Mama mmoja akapata tumbaku. Jirani yake akapata udongo uliolowa mvua. Shemeji akafumba macho: "Napata ngozi." Hapo nikaamka, maana mimi ni fundi viatu. Nikamuuliza, ngozi gani shem, ya mbuzi au ya ng'ombe? Kimya. Anataja ngozi na hajui ngozi!

Ikaja zamu ya miaka ya mavuno. Bordeaux, mvinyo wa Ufaransa, ya 2010 ni ya kusujudia, ya 2013 watu wanakunja uso, kwa sababu mwaka ule baridi na mvua ziliharibu zabibu. Hilo nalielewa, mkulima ni mkulima hata akiwa Mfaransa. Kisichoniingia ni kungoja. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, unaokausha kinywa kama umetafuna ndizi mbichi, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na unalainika chupa ikikaa miaka. Kwa hiyo ile bei kubwa tunalipia mtu kusubiri! Mbege ya Kibosho ukiingoja wiki inakuwa siki, na aliyeipika anakukimbia njiani.

Ila huyo mtaalamu ana roho nzuri, siri za kwao anazitoa mwenyewe. Alituambia mwaka 1976 waamuzi wa Kifaransa walionjeshwa mjini Paris bila kuona chupa, wakaipa California nafasi ya kwanza, kwenye mweupe na kwenye mwekundu, mbele ya mvinyo wa kwao. Akaongeza utafiti wa Bordeaux uliochapishwa 2001: wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Watu wamelisomea darasani! Nikamgeukia shemeji, nikamwona ghafla ana shughuli nyingi na kipande chake cha jibini. Jibini lenyewe limekatwa vipande vya kulishia kifaranga, na nyama hakuna hata ya kunusa.

Mwisho ukaletwa wa Dodoma. Meza nzima ikalegea, kama vile ameingia ndugu wa kijijini na mzigo wa viazi. Mimi ndiyo nikakaa wima. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiupogoa unaanza upya. Mfaransa anavuna mara moja, halafu anajivunia mwaka!

Mtaalamu akatuzungukia kuuliza kila mtu amependa upi. Shemeji akataja jina la Kifaransa refu hadi akapaliwa. Mimi nikasema Dodoma, kwa sauti. Shemeji akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. "Kwa nini Dodoma, mzee?" mtaalamu akauliza, kalamu tayari. Nikamwambia ukweli wote: kwenye huo, kijana wako alipitiwa, akanimiminia hadi nusu.