Karavani ni Dago Tu

Shangazi alipoiona picha niliyomtumia alinipigia palepale. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mbio mbio, kisha akauliza: "Mwanangu, mmefukuzwa nyumba?"

Pichani kulikuwa na karavani nyeupe, kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, urefu wake kama daladala ya Hiace, imeegeshwa pembeni mwa shamba la kondoo huko Gower, kusini mwa Wales. Mimi nimekaa mlangoni kwenye kiti cha kukunja, msuli kiunoni, sweta juu, maana Juni ya huku si Juni ya kwetu. Nikamweleza kwamba tuko likizo, karavani tumeazima kwa mwenzangu kazini, na mahali pa kuiegesha tumelipia.

"Mmelipia," akasema, akanyamaza.

Namwelewa. Sisi tulio ughaibuni tunajua likizo ya aina moja: tiketi ya Dar, masanduku ya zawadi, na wiki tatu za kusalimia watu nyumba hadi nyumba. Unarudi kazini hoi kuliko ulivyoondoka. Siipingi, wazazi ni wazazi. Ninachobisha ni hili la kusema kwamba kwenda mahali kutulia tu, bila msiba wala harusi, ni mambo ya Wazungu, na karavani ndiyo mambo ya Wazungu yenyewe hasa.

Ni kweli wao ndio walioipa jina. Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi lao la majini, Gordon Stables, alitengenezewa huko Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, akaliita Wanderer, akasafiri nalo hadi Scotland kwa raha zake. Lakini wavuvi wa kwetu Tanga na Pemba hawakumsubiri daktari. Wao walikwenda dago, kambi ya wavuvi. Chomboni mchele, sufuria, mikeka na tanga kuukuu la kujikinga na mvua. Wanahamia ufuko wa ugenini, wanapika kwenye mafiga, wanalala wakisikia maji. Mtaniambia dago ni kazi. Ni kazi, lakini mkae na mvuvi mzee mmsikilize anakumbuka nini. Bei za mnadani kashazisahau. Dago anakumbuka hadi nani aliunguza wali.

Ila inategemea unakwenda wapi. Mwaka juzi tulikwenda kambi moja kubwa, karavani zimepangwa mstari kama makaburi, muziki wa ukumbini hadi saa sita za usiku. Safari hii tulichagua shamba lenye karavani tano tu. Chini ya sheria ya mwaka 1960, klabu za wenye karavani zinaweza kumpa mkulima idhini ya kupokea wanachama wao bila leseni ya halmashauri, mradi karavani zisizidi tano. Sheria tamu hiyo.

Raha yake imo kwenye vikazi. Maji yamo katika pipa la plastiki lenye mpini, unaliviringisha majanini kutoka bombani kama mtoto na tairi lake. Siku ya pili niliwasha birika la umeme na hita kwa pamoja, giza likatuingia, nikaenda kurudisha swichi kwa tochi huku mke wangu anacheka. Kuna na sanduku la choo, ambalo nitaliacha hapo lilipo.

Na bahari! Tulifika wakati wa bamvua, maji yakipwa ufuko wa Rhossili unakuwa mpana hadi macho yanachoka. Mchangani yanachomoza mataruma ya Helvetia, merikebu ya Kinorwe iliyokwama pale Novemba 1887 na shehena ya mbao. Nikayashika, meusi, yameota kombe wadogo, nikawa kama niko gengeni mafundi wanaunda jahazi. Mbele kuna Worm's Head, kisiwa unachovuka kwa miguu saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili na nusu baada yake. Hatukuvuka. Vidimbwi vilishaanza kujaa kutoka upande wa nyuma, na mtoto wa pwani haambiwi mara mbili.

Jioni tulichoma vibua, ndimu na pilipili. Mzee wa karavani ya jirani akaja na kiti chake mwenyewe, akakaa, akala wawili, akazungumzia upepo. Kesho yake akaja tena, tukazungumzia upepo uleule.

Siku ya nne shangazi akapiga tena.

"Hiyo nyumba ya magurudumu, kitanda kinawatosha?"

"Kinatosha, shangazi."

"Na choo?"

"Kipo, humuhumu ndani."

Akafikiri kidogo. "Nani anamwaga?"

"Mimi."

Alicheka hadi salio likamwishia.