Nusu saa mbele ya gwiji wa selo

Wanaoyapinga madarasa mafupi ya magwiji wa selo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, wana hoja nzito. Mwanafunzi anapanda jukwaani, anapiga ukurasa mmoja au miwili, gwiji anamkatiza, anamwelekeza kwa nusu saa mbele ya ukumbi uliojaa, kisha anakwenda zake. Hajui mkono wa kijana yule umetokea wapi, na huenda akabomoa alichojenga mwalimu wake kwa mwaka mzima. Pablo Casals mwenyewe, mpiga selo mashuhuri wa Hispania, alipokuta nakala ya vipande sita vya mtunzi Bach vya selo pekee, dukani Barcelona akiwa na miaka 13, alivifanyia mazoezi kama miaka 12 kabla ya kuthubutu kuvipiga hadharani. Nusu saa itafundisha nini?

Mkono haiujengi, hilo nalikubali. Jacqueline du Pré, mpiga selo wa Uingereza, alikwenda kwa Casals kule Zermatt, Uswisi, mwaka 1960, akiwa na miaka 15, lakini aliyemlea ni mwalimu William Pleeth, na kwake binti huyo alianza kusoma akiwa na miaka 10.

Ila wapinzani wanamhesabu mtu mmoja tu, yule aliyeshika upinde. Waliokaa vitini hawawahesabu kabisa.

Aprili mwaka huohuo wa 1960 Casals, sasa ana miaka 83, alifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kamera zikarekodi. Moja ya mambo aliyoyashikilia maisha yake yote ni kimo cha sauti, yaani iwe juu au chini kiasi gani. Waliokulia kwenye kwaya wanaijua sauti ya "ti", ile inayovutwa kwenda "do". Casals alitaka "ti" ipandishwe kidogo, iisogelee "do" kuliko piano inavyoruhusu. Kwenye uzi wa selo hiyo ni safari ndogo mno ya kidole, lakini sikio haliikosi: sentensi iliyokuwa imelala inaamka na kujua inakokwenda.

Sasa fikiria nani anafaidi zaidi hapo. Aliyeko jukwaani viganja vimelowa jasho, upinde unatetemeka, na maagizo yanamjia mfululizo. Akishuka huenda akakumbuka nusu yake. Aliyekaa safu ya kumi ana nota mapajani na kalamu mkononi, moyo umetulia. Naye ana kosa lilelile la "ti" ya chini. Analisikia kwa mwenzake, analisikia likirekebishwa, tena na tena, mpaka sikio lake linaanza kuitaka "ti" ya juu. Katika somo la faragha badiliko lile lingesikiwa na watu wawili. Hapa linasikiwa na ukumbi mzima, na kila mmoja analipeleka kwenye selo yake nyumbani. Hata Zanzibar, ambako selo imezoeleka kwenye okestra za taarabu, kukaa karibu na wakongwe na kuwasikiliza ni sehemu ya kujifunza.

Na kuna yanayoonekana kwa macho. Utotoni mwa Casals wanafunzi walibanishwa kitabu kwapani wakati wa kupiga, ili mkono wa upinde usiachane na mwili. Yeye alikikataa kitabu, akauacha mkono huru. Kiwiko kilichofungwa na kiwiko kilichoachiwa havihitaji maelezo marefu ukivikuta viwili mbele yako, na sauti inayofuata kila kimoja.

Fedheha ipo, na simtetei gwiji anayemtumia kijana kujionyesha. Dawa yake ni mwalimu wa kila wiki kuwepo ukumbini, asikie kilichosemwa, kisha achague cha kuendeleza na cha kuacha.

Kinachonisumbua zaidi ni tiketi. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi aliyefundisha kwa mtindo huu kule Weimar, Ujerumani, uzeeni, hakutoza wanafunzi wake ada. Leo pako mahali ambapo msikilizaji hutozwa fedha nyingi ili akae kimya kwenye kiti cha nyuma, na mwanafunzi asiye na uwezo anabaki nje ya mlango. Waandaaji wakitaka kupunguza gharama, wapunguze maua na picha za jukwaani, kiti cha mwanafunzi msikilizaji wakiache bure.