Mwili haukuzoea dawa

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali shangazi, mshono wake wa upasuaji ukiwa unatoa usaha. Majibu ya maabara yalikuwa yameshatoka: bakteria aitwaye stafilokokasi, tena yule sugu asiyesikia dawa za ukoo wa penisilini, hiyo MRSA. Mtaalamu aliyetusomea akamtazama kwa jicho la hakimu. "Mama, mwili wako umeshazoea dawa. Mnapenda sana kumeza antibayotiki ovyo." Shangazi, ambaye hata kidonge cha kichwa hamezi mpaka abembelezwe, akainamisha kichwa kama mtoto aliyefumwa sukarini.

Hasira yangu haijapoa.

Mwili hauzoei antibayotiki. Mwenye usugu ni bakteria, na hata yeye hakuzoea chochote: amerithi jeni, au ameazimwa. Methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini, ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959, kwa sababu stafilokokasi nyingi zilishakuwa na kimeng'enya cha kuikatakata penisilini. Mwaka 1961, huko huko, mtafiti Patricia Jevons akaripoti stafilokokasi zisizoijali methisilini. Miaka miwili tu! Mwili wa nani ulikuwa umezoea nini?

Jeni yenyewe inayoleta usugu huo ni mecA. Dawa za ukoo wa penisilini huua kwa kuzishika protini zinazojenga ukuta wa bakteria. Mafundi wakifungwa mikono, ukuta unalegea, bakteria anapasuka. Sasa mecA inaleta fundi mwingine, PBP2a, ambaye dawa hizo hazimshiki vizuri. Wenzake wako kifungoni, yeye anaendelea kupanga matofali. Ndiyo maana kumbadilishia mgonjwa penisilini hii kwa dada yake ni kupoteza siku, ukiacha dawa chache mpya kama seftarolini.

Na jeni hiyo haikai mahali pamoja. Husafiri ndani ya kipande cha DNA kiitwacho SCCmec, chenye vimeng'enya vyake vya kujikata hapa na kujipachika pale, na mara nyingine kimebeba jeni za usugu dhidi ya dawa nyingine kabisa. Bakteria akishakipata, watoto wake wote wanazaliwa nacho. Shangazi hakukitengeneza tumboni kwake kwa vidonge. Huenda alikipokea tayari, wodini.

Kuna kisa nakipenda. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba MRSA zenye mecC, ndugu ya mecA, zilikuwapo kwa kalunguyeye wa Ulaya muda mrefu kabla binadamu hajaanza kutumia antibayotiki. Ukungu wa kwenye ngozi zao hutoa kemikali za jamii ya penisilini. Labda na kalunguyeye nao walikuwa hawamalizi dozi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: matumizi ovyo yanachangia. Dawa ikiwamaliza bakteria dhaifu, inawaachia sugu uwanja. Lakini deni hilo ni letu sote, wakiwemo wanaoandika dawa kali bila kuotesha usaha maabara kwanza wajue bakteria gani. Kumbebesha mgonjwa mmoja mwenye kidonda ni uonevu.

Vankomaisini, antibayotiki inayokimbiliwa MRSA ikishika, nayo tusiitegemee kama mkombozi. Mwaka 2002, Michigan, Marekani, ilipatikana stafilokokasi yenye vanA, jeni ya usugu dhidi ya dawa hiyo, iliyotoka kwa bakteria wengine, enterokokasi.

Jana shangazi ameninong'oneza: je, ni zile sindano za penisilini za utotoni ndizo zimemponza? Nikamwambia hapana, nikatoka kumtafuta yule mtaalamu. Nilimkuta amemaliza kufunua kidonda kitanda cha 4. Akahamia cha 5, kwa mikono ile ile.