Tapeti za Mwalimu

Kelele ilianza nikipanda Mamboleo, hapa Kisumu: tak-tak-tak-tak. Nikiongeza mafuta inakimbia, nikiachia inanyamaza. Pikipiki yangu ina miaka 14 na nimeirithi kwa watu watatu, kikohozi chake nimekizoea. Hiki kilikuwa kipya.

Jirani yangu Baba Mapacha, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliisikiliza macho yamefumba, mswaki mdomoni.

"Hizo ni tapeti, mwalimu. Zimelegea."

Tapeti ni zile skrubu za kusukuma valvu, milango ya hewa na moshi ndani ya injini. Nikamwamini. Kwa nini nilimwamini, mama watoto huniuliza mpaka leo.

Mafundi nimewaona wakisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini na kutega sikio kwenye mpini, wanasikia ya ndani kama daktari. Nikachuchumaa na kaptura yangu, nikatega. Kabla sijasikia la maana nikanusa nyama choma. Goti langu lilikuwa limeegemea ekzosi. Nakumbuka kelele ilikatika kidogo hapo, lakini nani anasikiliza kelele huku anaiva?

Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi (tapeti hazipimwi kwa injini ya moto, hilo nilikuwa nalijua), nikafungua vifuniko na kuzungusha kranki mpaka herufi T, alama kwamba pistoni iko juu kabisa, ikatokea kwenye tundu. Nafasi kati ya tapeti na valvu ni kama 0.05 mm. Vibati vya kupimia sina, kwa hiyo nikachana ukurasa wa daftari la hesabu la mwanangu. Baba Mapacha alishika tochi, na jua linawaka.

Ajabu, tapeti hazikuwa zimelegea hata kidogo. Zilibana kabisa. Mtu mwenye akili angefunga vifuniko akaenda kanisani. Mimi nikazilegeza mpaka karatasi ikapita.

Nilichokuwa sijui ni kwamba injini ya mapigo manne huzunguka mara 2 ndipo mafuta yaungue mara 1, kwa hiyo hiyo T hutokea mara 2. Mara moja valvu zote zimefunga, na hapo ndipo pa kupima. Mara nyingine zimesukumwa kidogo, moshi unamalizia kutoka na hewa mpya inaanza kuingia. Hapo roka, mikono inayobeba tapeti, hazichezi hata uzibembeleze. Bila shaka mimi niliangukia T ya pili.

Kiki ya tisa ikawaka. Yawa! Kuku wa plot nzima waliingia chini ya vitanda. Tukateremka nayo hivyo hivyo mpaka Kondele, Baba Mapacha akiwa nyuma, bila nguvu ya kupita hata mkokoteni. Pale steji vijana wa boda wakasimama wote.

"Mwalimu! Gorogoro moja ya mahindi unasaga pesa ngapi?"

Fundi, mzee mmoja wa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya buluu, hakucheka. Alizima injini, akatuambia tukanywe chai ipoe. Tuliporudi alifungua, akatazama, akafuta mikono polepole.

"Nani amefundisha hapa?"

Nikamtazama Baba Mapacha. Baba Mapacha akatazama fulaiova.

Dakika 15 zikatosha. Akapiga kiki moja tu, ikawaka, imetulia kama cherehani. Nikaanza kutabasamu. Kisha akavuta mafuta.

Tak-tak-tak-tak.

Ile ile ya kwanza. Jasho likanitoka, nikaanza kuhesabu pistoni, cheni ya taimingi, ada ya shule. Mzee hakugusa spana. Alikunja kitambaa, akainama, akakandamiza kava ya ekzosi. Kimya. Akaachia: tak-tak. Akakandamiza: kimya. Bolti moja ilikuwa imedondoka, kava inagonga bomba. Kidonda cha goti kikaanza kuniwasha.

"Bolti ni shilingi 20," akasema.

"Na ile kazi nyingine?"

"Kurekebisha ulichorekebisha? Mia nane."

Nikatoa pesa. Baba Mapacha alikuwa tayari ameshapanda nyuma.

"Si nilisema kuna kitu kimelegea?"