Yai la Kundi la Nyuma

"Kila kundi lije na yai moja bichi." Ndivyo nilivyoagiza darasa la sita, mada ikiwa kuelea na kuzama. Agizo jepesi kabisa.

Tulianza vizuri. Yai la kundi la kwanza lilizama hadi chini ya beseni, kwa kuwa densiti yake (tungamo lake kwa kila kipimo cha ujazo) inazidi kidogo ile ya maji, gramu 1 kwa sentimita 1 ya ujazo. Tukamwaga chumvi, tukakoroga, tukaongeza, tukakoroga tena (inahitajika nyingi kuliko mnavyodhani, na ilikuwa ya jikoni kwangu), hadi maji yakalishinda yai densiti, likapanda juu lenyewe. Makofi!

La kundi la nyuma likaelea kwenye maji matupu. Chumvi ilikuwa bado mfukoni.

Nikahisi hujuma. Nikachovya kidole, nikaonja mbele ya darasa zima. Chumvi hakuna. Ladha ya banda la kuku ipo. Basi nikawaeleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba ganda lina vitundu vidogo mno. Unyevu hutoka, hewa huingia, yai likikaa sana huwa jepesi. "Kwa kifupi, hili ni viza."

"Si viza, mwalimu," akajibu kiongozi wa kundi, kanuna. "Tumelitoa asubuhi hii chini ya kuku."

Hapo yai likatikisika. Lenyewe. Likatulia, likatikisika tena.

"Jini!"

Archimedes, yule Mgiriki wa kale wa kanuni ya kuelea, wanasimulia, alitoka bafuni mbio peke yake. Mimi nilikimbiwa na darasa zima, wengine kupitia madirishani.

Nikabaki na beseni, na kifaranga aliyebakiza siku chache kuanguliwa. Nikalifuta yai, nikalibana kwapani lisipoe. Mara mlangoni akatokea bibi yake yule kiongozi, kakumbatia kuku.

"Shikamoo, bibi," nikasema, mkono mmoja umeganda ubavuni.

"Marahaba. Mwalimu, kwapani kuna nini?"

Nikaanza na densiti. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kuku naye akinikazia jicho moja.

"Mjukuu wangu atayaelewa hayo, mwanangu. Lakini huyu sayansi hajui, anajua hesabu tu. Alikwenda kula akaacha kumi na moja, karudi kakuta kumi."