Taarabu, Supu ya Pweza na Conficker

Machi 2009 ofisi moja ya mambo ya korosho hapa Mtwara mjini iliniita (jina silitaji, bado nawadai). Kompyuta zimekuwa nzito, akaunti zinajifunga zenyewe, tovuti ya Microsoft haifunguki, za antivairasi hazifunguki, lakini za udaku zinafunguka bila shida. Nikajua tu: Conficker, mdudu wa kompyuta.

Mdudu huyo alizuka Novemba 2008. Hangoji ubonyeze kitu. Anapita kwenye waya wa mtandao na kuingilia tundu la Windows ambalo Microsoft walishatoa apdeti ya kuliziba tangu tarehe 23 Oktoba. Sasa nani apakue apdeti kwa intaneti ya enzi zile? Tena anajaribu paswedi nyepesi alizokaririshwa. Bosi alinivuta ofisini kwake, akafunga mlango, akaninong'oneza ya kwake kama siri ya jando: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita."

"Mzee, hiyo mdudu anayo."

"Kaambiwa na nani?"

Nikaanza kazi. Nyaya zote za mtandao nikazichomoa kwenye swichi, kila mashine ikae peke yake. Apdeti na dawa nilizipakua intaneti kafe nikazichoma kwenye CD, kwa sababu CD ikishafungwa mdudu hana pa kujiandika. Nikasafisha moja baada ya nyingine mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake asubuhi nusu ya mashine zinaumwa tena, na nyaya bado zimelala sakafuni.

Basi ni flashi. Apdeti inaziba njia ya mtandao, flashi haiihusu. Nikakaa kimya kwenye kona niwavizie.

Saa nne mama lishe akaingia na sufuria ya supu ya pweza. Akachomoa flashi kwenye pindo la kanga, akampa karani. Karani akaichomeka, kidirisha kikatokea kina "fungua folda" mbili, za juu na chini, picha ileile. Ya juu ndiyo ya mdudu. Karani akabofya ya juu.

Kumbe huo ndio mkataba: wao wanampakulia taarabu za kupiga kibandani, yeye anawaongezea mikia ya pweza. Flashi inazunguka meza zote kila siku, na meza ya bosi ndiyo ya kwanza.

Nikawaeleza kwamba mambo ni makubwa, Microsoft wametangaza dola 250,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwa waliomtengeneza, na toleo jipya linangojewa kuamka tarehe 1 Aprili.

"Siku ya Wajinga?" bosi akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, umetupata!"

Mama lishe yeye alishikilia dola. "Huyo mtu anakaa Mtwara hii hii, mwanangu?"

Mwishoni bosi alikubali kupiga marufuku flashi, tena kwa maandishi. Mashine za ofisi nilikuwa nimezizima, kwa hiyo akaenda kuchapa tangazo lake steshenari ya karibu na stendi. Huko wino umeisha. Akarudi anahema, akapita moja kwa moja kwenye mashine yenye printa, ile niliyotoka kuisafisha, akachomeka.

"Fundi, mbona zimekuja folda mbili? Hii ya juu ya kwako?"

Akaibofya kabla sijainuka kwenye kiti.