Waziri akitenguliwa anarudi wapi?

Kila mkeka, yaani orodha ya uteuzi, unapotoka Ikulu, mjadala huishia kwenye majina: nani kaingia, nani katoka, kanda ipi imesahaulika. Swali linaloamua zaidi mwenendo wa waziri akiwa ofisini ni jingine. Uteuzi wake ukitenguliwa leo usiku, kesho ataamkia kazi gani? Tanzania na Kenya zimelijibu kwa njia mbili zinazopingana, na hakuna iliyopata jibu la bure.

Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inataka mawaziri na naibu mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Rais akimtaka mtaalamu asiye na jimbo, humpitisha kwanza kwenye Ibara ya 66, inayompa nafasi za kuteua wabunge wasiozidi 10, wanawake wasipungue 5. Ndivyo walivyoingia Philip Mpango na Augustine Mahiga mwishoni mwa 2015, na Stergomena Tax mwaka 2021. Nafasi hizo zikimalizwa mapema kwa kulipa fadhila, mtaalamu anayehitajika katikati ya muhula hana pa kupitia mpaka mmoja wa kumi hao aondoke.

Kenya iliufunga mlango huo. Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inasema mawaziri wasipungue 14 wala kuzidi 22, asiwepo hata mmoja aliye mbunge, na kila jina lipigwe msasa na Bunge la Taifa kabla ya kiapo. Waliokuwa wameiona serikali ya mseto ya 2008, yenye mawaziri wapatao 40 ukiacha wasaidizi wao, walielewa haraka kwa nini namba iliandikwa ndani ya katiba.

Wanaoutetea mfumo wa Kenya wana hoja nzito. Mbunge aliye waziri huipigia kura bajeti ya wizara yake mwenyewe. Mawaziri na manaibu wakifika 50, hizo ni kura 50 ambazo serikali haihitaji kuzitafuta. Tena ana jimbo linalomsubiri: barabara, kituo cha afya, misiba ya wapiga kura. Bunge la bajeti nalo humweka Dodoma Aprili hadi Juni, wakati wizara ikiendeshwa na katibu mkuu, ambaye kwa vyovyote ndiye ofisa masuuli, yaani msimamizi wa fedha za wizara, na ndiye atakayejibu hoja za Mkaguzi Mkuu. Mawaziri wakipanguliwa katikati ya kipindi hicho, anayeingia husimama kusoma hotuba ya makadirio iliyoandaliwa chini ya mwenzake, na maswali ya nyongeza humkuta hajakaa ofisini wiki mbili.

Lakini uwepo huo huo bungeni una faida ambayo Wakenya waliikosa wakalazimika kuirudisha. Waziri wa Tanzania hukaa ukumbini, huulizwa asubuhi, hujibu mbele ya wanaomjua. Kenya ilikaa miaka kadhaa mawaziri wakifika mbele ya kamati tu, mpaka kanuni zilipobadilishwa ili kuanzia 2023 wasimame mbele ya Bunge zima kujibu maswali.

Turudi kwenye kutenguliwa. Mwigulu Nchemba aliondolewa Mambo ya Ndani Julai 2018. Hakwenda popote; alirudi kwenye kiti chake cha ubunge wa Iramba Magharibi, Mei 2020 akapewa Katiba na Sheria, Machi 2021 Fedha, na Novemba 2025 akawa Waziri Mkuu. Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, aliondolewa Machi 2017, akarudi Januari 2022, akaondolewa tena Julai 2024. Ubunge ndio uliowabakiza karibu. Mtu wa namna hii akiachwa nje ana mshahara, ana jukwaa, na ana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa mkeka ujao unaweza kuwa na jina lake. Wengi huiona hali hii kama udhaifu. Naiona zaidi kama bima: Rais anaweza kumwondoa waziri bila kumwangamiza, naye waziri anaweza kuondoka bila vita.

Kenya hakuna bima hiyo. Opiyo Wandayi alipokubali Wizara ya Nishati mwaka 2024 ilibidi aachie kiti cha Ugunja. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna wakati huo, na uchaguzi mdogo ulifanyika Novemba 2025 tu. Wananchi wa Ugunja walikaa zaidi ya mwaka bila mbunge kwa sababu mbunge wao alikubali kazi. John Mbadi alikwenda Hazina bila usumbufu huo, kwa kuwa alikuwa mbunge wa kuteuliwa na chama, na nafasi yake ilijazwa kutoka kwenye orodha. Waziri aliyeacha jimbo akifutwa hana kiti cha kurudia hadi uchaguzi ujao. Wanaosema kumtenga waziri na Bunge kunampa uhuru wanaangalia upande mmoja. Amekuwa huru dhidi ya Bunge, na kwa hesabu hiyohiyo amekuwa tegemezi zaidi kwa aliyemteua. Waziri Justin Muturi alikosoa hadharani utekaji wa raia mapema 2025. Machi alikuwa nje ya baraza.

Je, Bunge lenyewe linaweza kumng'oa waziri? Kwa maandishi, Kenya imeendelea mbali. Robo ya wabunge wanaweza kuleta hoja. Theluthi moja wakiiunga mkono, kamati ya watu 11 huchunguza kwa siku 10. Mithika Linturi wa Kilimo alipitishwa kwenye njia hiyo Mei 2024 kwa sakata la mbolea bandia. Wabunge 149 waliunga mkono hoja, kamati ikaamua 7 kwa 4 kwamba tuhuma hazikuthibitishwa, na shauri likafia hapo, maana katiba hairuhusu Bunge zima kuijadili upya kamati ikishamsafisha. Kura saba zilizima 149. Miezi miwili baadaye aliondoka pamoja na baraza karibu lote, Julai 11, na kilichowaondoa kilikuwa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha.

Tanzania haina utaratibu wa kumwondoa waziri mmoja mmoja. Kilichopo ni Ibara ya 53A, kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, inayohitaji saini za asilimia 20 ya wabunge na taarifa ya siku 14. Na kwa kuwa Waziri Mkuu akiondoka mawaziri wote huondoka naye, kama ilivyokuwa Februari 2008 Edward Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, tishio la saini linatosha. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alizikusanya. Mei mawaziri 6 wakaachwa. Desemba 2013 ripoti ya kamati kuhusu Operesheni Tokomeza, msako dhidi ya ujangili, iliwaondoa 4 kwa siku moja. Chombo butu kilikata kuliko kikali cha Kenya, ila kilitegemea Bunge lenye upinzani wa kutosha na wabunge wa CCM waliokuwa tayari kutia saini. Tangu 2020 chama tawala kina viti karibu vyote, na saini za namna ile hazionekani kupatikana.

Kuna jambo jingine ambalo katiba zote mbili zinalipita juu juu: kuhamishwa. Kenya, Rais anaweza kumhamisha waziri bila kumrudisha kwenye msasa. Aden Duale alianza Ulinzi 2022, akapigwa msasa upya kwa Mazingira 2024, Machi 2025 akapelekwa Afya bila kuulizwa swali hata moja kuhusu hospitali. Tanzania huenda mbali zaidi na kuzigawa wizara zenyewe. Januari 2022 Maendeleo ya Jamii ilitenganishwa na Afya, katikati ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mgawanyo wa aina hiyo unadai katibu mkuu mpya, hati mpya ya majukumu, kugawa fungu la bajeti lililokwisha kupitishwa, watumishi na majengo.

Ukomo wa idadi nao una pa kuvujia. Kenya haizidishi mawaziri 22, lakini makatibu wa idara hawana ukomo na mwishoni mwa 2022 walizidi 50. Uganda iliandika 21 na kuongeza maneno "isipokuwa kwa idhini ya Bunge". Orodha ya 2021, pamoja na mawaziri wa nchi walio chini ya mawaziri kamili, ilipita 80. Tanzania wengi hutaja Rasimu ya Warioba ya 2013, rasimu ya katiba mpya, iliyopendekeza mawaziri wasiozidi 15 na wasiwe wabunge. Husahau kwamba 15 hao walikuwa wa serikali ya Muungano yenye mambo 7 tu ya kusimamia, katika muundo wa serikali tatu. Afya, elimu, kilimo na maji vingeangukia serikali ya Tanganyika, yenye mawaziri wake.